Andalio la Jumanne: Maneno kwa Walimu Wanaokaribia Kustaafu

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu. Shikamooni wakubwa wangu, na nyinyi wengine marahaba.

Tangu asubuhi mmefundishwa kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya kustaafu, mmeonyeshwa fomu, na ndugu yetu wa mfuko wa pensheni amewajibu kwa uvumilivu mkubwa. Mchana mtasikia habari za kuku, visima na nyumba za kupangisha. Mimi nimeomba saa hii ya katikati, kama ninavyoiomba kila semina ninayoitwa, kwa sababu lipo jambo ambalo haliingii kwenye ratiba, nalo linaangusha watu wazima wenye mafao yao mkononi. Jambo lenyewe ni Jumanne, saa nne asubuhi.

Sisemi siku ya kuagwa. Hiyo ina hotuba, zawadi na pilau. Wala sisemi wiki ya kwanza, maana hiyo ni kama likizo. Nasema Jumanne moja ya mwezi wa tatu tangu ustaafu. Chai imeshanywewa, watoto wa mtaa wako shuleni, mwenzako ana shughuli zake, na wewe umevaa shati lililopigwa pasi lakini kengele hailii. Utafanya nini? Nataka jibu la saa nne. Usiniambie utapumzika. Mtu aliyeshika zamu, paredi na madaftari tangu ujana wake hawezi kupumzika miezi mitatu mfululizo. Ataanza kukagua.

Nina shoga yangu, mumewe alikuwa mkuu wa shule, mtu mwadilifu, na shule yake ilinyooka. Akastaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, akarudi nyumbani. Mwanzoni majirani walikuja kumsalimu, ikawa furaha. Kisha wageni wakapungua. Akaanza kuuliza kwa nini mkaa unanunuliwa kwa kopo na si kwa gunia. Akapanga upya masufuria. Akabandika karatasi ukutani jikoni, zamu za usafi, imepigwa rula vizuri kabisa. Dada wa kazi akaaga, akasema anakwenda kwao kuuguza. Shoga yangu ana genge na ana kikoba chake cha kila Alhamisi, kazi alizozijenga mwenyewe miaka yote ambayo mumewe alikuwa anatoka alfajiri na kurudi jioni. Sasa akirudi kutoka kikobani anakuta mtu barazani anatazama saa. "Mlikubaliana kumaliza saa ngapi?"

Akanipigia simu, akaniambia, "Mume wangu nampenda. Lakini aliyerudi hapa ni mkuu wa shule."

Hapo ndipo ninapowaomba mnisikilize, hasa akina baba. Nyumba unayorudi si kituo kipya ulichopangiwa. Ina utaratibu wake, ina mwendo wake wa asubuhi na wa jioni, na vyote vimejengwa wewe ukiwa hupo. Unaingia humo kama mwalimu mgeni, na mwalimu mgeni mwenye adabu huwa hagusi ratiba mpaka ameielewa.

Nilikwenda kumwona yule mzee. Nikamuuliza, "Mwalimu, ukishakunywa chai unafanya nini?" Akasema, "Nasubiri." Unasubiri nini? Akasema mafao. Nikamwambia mafao ulishalipwa, mbona. Akanyamaza.

Kilichomsaidia hakikuwa semina wala ushauri wangu. Kijana wa jirani alikuwa anajiandaa kurudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na hisabati ilikuwa imemshinda. Mama yake akamleta. Wakakaa chini ya mwembe saa nane mpaka saa kumi. Wiki iliyofuata alikuja na mwenzake, kisha wakaongezeka. Leo mzee asubuhi yote anatayarisha maswali. Ile karatasi ya jikoni aliibandua mwenyewe, na kwa nyuma yake, palipokuwa peupe, akaandika milinganyo. Nikisimulia habari hii watu hupiga makofi, wakasema, "Anajitolea kwa jamii." Sawa, anajitolea. Lakini tazameni kilichobadilika: ikifika saa nane kuna mtu anamsubiri yeye, na asipotokea ataulizwa.

Najua kuna anayesema moyoni: Mama, fedha kwanza, hayo mengine ni ya walioshiba. Nalisikia kila mahali, na linanichosha. Sidharau fedha. Nilikuwepo mwaka 2018 kikokotoo kilipowaliza watu, niliona mkupuo, ile sehemu ya mafao inayolipwa mara moja, ukiwekwa asilimia 33 mwaka 2022, na mwaka 2024 ukapandishwa kuwa asilimia 40 kwa sisi ambao zamani tulikuwa tunapata 50. Ni mjadala wa haki, vyama vyetu viendelee nao. Ila niambieni, mkupuo ukishaingia benki, unaishaje haraka vile? Nimewatazama wastaafu wengi. Asiye na ratiba ndiye anayenunua lori. Ndiye anayejenga banda la kuku mia tano mwezi wa kwanza, kabla hajawahi kufuga hata kumi. Hatafuti faida yule, anatafuta mahali pa kuwa mkuu tena.

Na kuku hawajui cheo. Kifaranga wa mayai hutaga akifika wiki ya kumi na nane au ishirini hivi. Maana yake ni miezi minne mpaka mitano unanunua chakula, chanjo na maranda, na hujaona yai hata moja. Ugonjwa wa mdondo ukipita bandani kabla hujachanja, umeondoka na kiinua mgongo chote. Anayefuga kuku ishirini mwaka wa kwanza na kujifunza, huyo namuunga mkono kwa mikono miwili. Mimi nasema mwaka wa kwanza fedha ikae, miguu itembee.

Mwingine ataniambia, si kila mtu ana kipaji cha kupata shughuli mpya uzeeni. Mwalimu Nyerere alipong'atuka urais Novemba 1985 alikuwa na miaka 63. Alirudi Butiama akalima, akafasiri vitabu vya Biblia kwa tenzi, na mpaka anafariki Oktoba 1999 alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi. Mtasema, "Yule alikuwa Rais!" Haya, usuluhishi nawaachia, jina lake lilimfungulia milango. Lakini jembe halihitaji Ikulu, na tenzi zinahitaji meza, kalamu na mtu anayeketi kuandika.

Kwa hiyo kazi ninayowapa ni ya taaluma yenu. Mmeandika maandalio ya somo maisha yenu yote. Leo usiku andika andalio la Jumanne moja, saa kwa saa, tangu kuamka mpaka kulala. Kisha mpe mwenzako asome. Usimsomee, mpe asome mwenyewe, na akikata mahali, ukubali.

Akina mama, sijawasahau. Nyinyi hatari yenu ni nyingine. Baba anakosa kazi, nyinyi mnaongezewa. Barua ya kustaafu haijakauka wino, mtoto wa kwanza ameshaleta mjukuu, "Mama si yupo tu nyumbani." Wa pili naye analeta wake. Mjukuu ni baraka, nami ninao na nawapenda. Lakini semeni siku na saa mtakazowalea, na mseme mapema, kabla mabegi hayajashushwa. Neno "yupo tu" msilikubali ndani ya nyumba zenu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kusema juu ya presha na kutembea, nayapita. Uhakiki wa pensheni fanyeni kwa wakati, usipohakikiwa malipo husimama. Anayekupigia simu akidai ada ili faili lako lisukumwe ni tapeli, kata simu. Mikopo ya haraka ya mtaani, kaeni mbali nayo. Na la kurudi kijijini: usihame mwaka wa kwanza kama hujaishi kule zaidi ya likizo. Nenda ukae msimu mzima wa kilimo kwanza, ujue zahanati iko umbali gani, na nani katika wenzako wa utotoni bado yuko hai.

Basi, maswali. Tuanze na yule mama wa pale nyuma, amenyoosha mkono tangu nilipotaja wajukuu.