Nusu ya Draiva: Leseni za Programu Huria na Chipu za Grafiki katika Vifaa vya Mkononi vya Linux

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, na ninyi nyote mliofika kusikiliza, asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Kifaa hiki nilichokishika ni Nokia N900, simu yenye kibodi ya kuteleza iliyoingia sokoni mwishoni mwa mwaka 2009. Ina kioo cha inchi 3.5, prosesa ya megahezi 600 na RAM ya megabaiti 256, na ilitoka kiwandani ikiwa na Maemo 5, mfumo uliojengwa juu ya Linux. Wapo mafundi wanaoitunza hadi leo kupitia mradi wa Maemo Leste, wakiipatia kerneli za kisasa, yaani kiini cha mfumo kinachosimamia maunzi, ambazo hazikuwapo wakati inaundwa. Betri yake hubadilishwa, programu zake hubadilishwa, na kerneli yake pia hubadilishwa. Sehemu iliyogoma ni maktaba, yaani mkusanyiko wa msimbo ambao programu nyingine huutumia, inayozungumza na chipu ya grafiki. Hiyo ndiyo ninayotaka tuitazame kwa makini, kwa sababu ndiyo inayoamua umri wa vifaa vya aina hii, na kwa sababu wengi wetu, hata tuliosomea kompyuta, hudhani kwamba kifaa kikishaitwa cha Linux basi suala la leseni limekwisha.

Draiva ya grafiki, yaani programu inayoiendesha chipu hiyo, ina nusu mbili. Nusu ya chini hukaa ndani ya kerneli, ambako hugawa kumbukumbu, hupanga foleni ya kazi, na huwasha au kuzima chipu kulingana na mahitaji. Nusu ya juu ni maktaba iliyo upande wa mtumiaji. Hiyo hupokea maagizo ya programu, kwa mfano kuchora pembetatu na kuipaka rangi, kisha huyageuza kuwa maagizo ambayo chipu yenyewe inayaelewa. Kazi kubwa imo katika nusu ya juu, kwa kuwa humo ndimo ilimo kompaila, yaani programu inayofanya tafsiri hiyo, na wenye chipu huiona kuwa ndiyo mali yao.

Kerneli ya Linux iko chini ya leseni ya GPL toleo la 2. Anayeigawa kwa watu ikiwa tayari kutumika anawajibika kuwapa pia msimbo chanzo wake, yaani maandishi ya programu ambayo mtu anaweza kuyasoma na kuyarekebisha, au ahadi ya maandishi ya kuwapa, itakayodumu kwa muda usiopungua miaka 3. Kwa hiyo nusu ya chini ya draiva ya simu hii ilitolewa hadharani, kama leseni inavyodai. Nusu ya juu haikutolewa. Kisheria, hilo halikuwa kosa, kwa kuwa maelezo aliyoyaweka Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, mwanzoni mwa leseni ya kerneli yanasema wazi kwamba programu inayotumia kerneli kwa njia ya kawaida ya miito ya mfumo, yaani maombi ambayo programu huyatuma kwa kerneli, haihesabiwi kuwa kazi iliyotokana na kerneli hiyo. Maktaba ya grafiki inapita katika mlango huohuo. Leseni ikatimizwa neno kwa neno, na mwenye simu akabaki na nusu ambayo peke yake haiwezi kuchora hata mstari mmoja.

Tuseme unataka kuihamisha simu hii kutoka kerneli ya 2.6.28, iliyokuja na Maemo 5, hadi kerneli mpya. Chipu yake ya grafiki ni PowerVR SGX 530, iliyobuniwa na kampuni ya Imagination Technologies na kuwekwa ndani ya OMAP 3430 ya Texas Instruments. Nusu ya chini unaweza kuirekebisha, maana msimbo wake unao. Lakini nusu mbili hizi zilijengwa kwa pamoja, na zinapokutana mara ya kwanza hulinganisha namba za toleo. Zikitofautiana, maktaba iliyofungwa, yaani ile ambayo msimbo chanzo wake haukutolewa, hukataa kuendelea. Ukiamua kuiacha maktaba hiyo kabisa, simu itawaka na maandishi yataonekana, ila kila nukta ya kioo itachorwa na prosesa. Mimi nimeijaribu hali hiyo. Nilipoburuta orodha ya majina kwa kidole, orodha ilinifuata kwa kuchelewa, ikikatikakatika, na baada ya dakika chache nilihisi joto la simu kiganjani.

Februari 2011 Nokia ilitangaza kuhamia Windows Phone. Kuanzia hapo, nani angeikompaili upya maktaba ile? Wenye msimbo hawakuwa tena na sababu ya kibiashara, na waliokuwa na sababu hawakuwa na msimbo wala ruhusa. Hapa kwetu tunaijua thamani ya ruhusa hiyo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice, programu huria za kazi za ofisini, kwa Kiswahili, na haukuhitaji kumsubiri mwenye programu akubali, kwa kuwa leseni ilikwisha kuwakubalia watu wote. Kwa maktaba ya N900 leseni ilimkubalia mtu mmoja tu, naye alikuwa ameondoka.

Wasimamizi wa kerneli waliliona tatizo hili mapema. Mwaka 2010 David Airlie, aliyekuwa akisimamia sehemu ya grafiki ndani ya kerneli, alitangaza kwamba hatapokea nusu ya chini ya draiva ambayo nusu yake ya juu imefungwa, na msimamo huo sasa umo katika nyaraka rasmi za kerneli. Baadhi ya watu waliuona ni ukali usio na faida, na mimi naelewa walikotoka, kwani walitaka simu zao zifanye kazi siku hiyohiyo. Hata hivyo namuunga mkono. Kerneli ikishatoa kiungo kwa programu za nje hujifunga kutokukivunja, na hakuna mhandisi anayeweza kuahidi kukitunza kiungo ambacho mtumiaji wake pekee ni faili asiloweza kulisoma, kulipima wala kulirekebisha.

Njia iliyobaki ilikuwa ya subira. Luc Verhaegen aliuonyesha mradi wa Lima mbele ya FOSDEM, mkutano wa watengenezaji wa programu huria, mjini Brussels mwaka 2012, akilenga chipu za Mali za kampuni ya ARM. Nao ARM walikuwa wametoa nusu ya chini kwa GPL na kuifunga ya juu. Katika kazi ya namna hii, mtu huweka kinasa kati ya maktaba iliyofungwa na kerneli, huendesha programu inayochora pembetatu moja, kisha hubadilisha kitu kimoja, labda rangi, na kutazama ni baiti zipi zimebadilika kwenye kumbukumbu. Hurudia hivyo mara maelfu. Mradi ulisimama, wengine wakaupokea, na Lima ikaingia katika Linux 5.2 mwaka 2019, miaka 7 baada ya Brussels. PinePhone, simu ya Linux, ilipoanza kuwafikia wanunuzi Januari 2020, ikiwa na Mali-400 ndani yake, iliikuta draiva huria ya nusu zote mbili ikiisubiri. Ninaiheshimu sana kazi hiyo, na bado inaniuma kwamba watu wenye kipaji kama hicho walitumia miaka kubahatisha mambo ambayo tayari yalikuwa yameandikwa kwenye kabati la mtu.

Ipo pia libhybris, aliyoianzisha Carsten Munk, inayowezesha maktaba za Android kutumika ndani ya Linux ya kawaida. Sailfish na Ubuntu Touch, mifumo ya simu inayotumia Linux, zimeitegemea. Inasaidia, ila inakufunga kwenye kerneli ya aliyetengeneza simu.

Linganisheni na Steam Deck ya mwaka 2022, kifaa cha mkononi cha michezo kinachotumia Linux. Grafiki zake za AMD zinaendeshwa na amdgpu, nusu ya chini iliyo ndani ya kerneli, na RADV, nusu ya juu iliyo ndani ya Mesa, mkusanyiko wa draiva huria za grafiki, zote zikiwa huria, hivyo mwenye kifaa anaweza kuweka Linux yoyote aitakayo. Bado kuna programu dhibiti iliyofungwa ambayo chipu huipakia inapowashwa, na hilo lisifichwe. Jambo linalonivutia ni kwamba Mesa hutumia zaidi leseni ya MIT, ambayo ni laini kuliko GPL na haimlazimishi mtu kutoa chochote. Kwa hiyo ukali wa leseni peke yake hautupi jibu. Kinachohesabika ni nusu ngapi za draiva zimeguswa na leseni huria.

Imagination nao walibadilika. Mwaka 2022 walianza kutoa ndani ya Mesa draiva huria ya chipu zao za familia ya Rogue, na nusu ya chini ikaingia katika Linux 6.8 mwaka 2024. SGX ni ya kizazi kilichotangulia, na draiva hiyo haiihusu. N900 hii ninayoirudisha mezani inatumia kerneli mpya, na grafiki zake bado zinaitegemea maktaba iliyofungwa.