Kabla hamjauza bunduki za zamani, someni mihuri

Waliokaa nyuma sogeeni mbele, maiki ya leo inakatakata. Najua wengi mmekuja mkijua nitaongelea magendo ya bunduki. Jamani, hapana. Nimelisema hili mpaka nimechoka, bunduki nyingi za kizamani zinazofika kwa wakusanyaji wa nje zinapita mlango wa mbele kabisa, serikali yenyewe inafungua ghala, inauza kwa jumla, kontena linapakiwa, vibali vipo, basi.

Chukua Nepal. 2003 kampuni mbili za Marekani zilinunua shehena iliyokuwa kwenye kasri la zamani pale Kathmandu, bunduki zaidi ya 50,000, humo mna Martini-Henry za Waingereza na mna Gahendra, ambazo Wanepal walizitengeneza wenyewe. Nyingine zinauzwa hivyohivyo na uchafu wake na grisi iliyogandamana, mteja anazisafisha mwenyewe mezani kwake, na anazipenda hivyo, maana kila akikwangua anaibua alama nyingine. Ethiopia nao hivyohivyo, bunduki za Mauser zilizotengenezwa Ubelgiji zenye nembo ya simba wa Yuda ya Haile Selassie, bunduki za Carcano walizoziacha Waitaliano, leo zipo kwenye kabati za watu Marekani. Na kule sheria inawaruhusu, 1968 waliziba uingizaji wa silaha za ziada za kijeshi, 1984 wakafungua kwa zile za miaka 50 kwenda juu, na iliyotengenezwa kabla ya 1899 sheria ya shirikisho haiihesabu hata kuwa silaha.

Sasa kuna mtu atasema mwalimu, hizo si chuma chakavu tu, shule hazina madawati we unalilia bunduki? Ndugu yangu, sijasema zitunzwe zote. Uza, yeyusha, sawa, ila andika kwanza namba na mihuri, yaani zile alama zilizogongwa kwenye chuma!

Nawapa kisa. Kuna siku nilipita kwa muuza vyuma chakavu Tandale, kwenye rundo la nondo na rejeta nikaona mtutu mrefu mzito, mti wote umeliwa na mchwa. Nikachota mchanga nikausugua kwa kidole gumba, taji dogo likatokea, chini yake herufi, S, P, A, taratibu mpaka likasomeka Spandau. Spandau ni kiwanda cha silaha cha Prussia, kule Ujerumani, na ile ni Mauser ya 1871, ya baruti yenye moshi, ndiyo waliyobebeshwa askari wengi wa Mjerumani hapa kwetu, ukifyatua tu moshi unakuonyesha ulipo. Babu wa mtu aliishika ile. Namba ilikuwa imejaa kutu, nikasema kesho narudi na mafuta ya taa na kamera. Kesho yake saa mbili asubuhi nimefika, rundo lote limeshapakiwa fuso usiku. Yule kijana ananiambia mzee si ungesema, ningekuwekea. Mpaka leo ile namba inaniuma, maana namba ndiyo ingetusaidia kujua ilitoka kiwandani na kundi gani.

Vita Kuu ya Kwanza, Tanga Novemba 1914, Waingereza walikimbilia melini wakaacha bunduki mamia na risasi kama 600,000, Mjerumani akazigeuza zikatumika dhidi yao wenyewe. Ngomano, kule Msumbiji, 1917 Wareno nao wakanyang'anywa na Mjerumani. Kwa hiyo bunduki moja iliyookotwa Lindi inaweza kuwa imeshikwa na majeshi mawili, matatu, na mihuri ndiyo itakayokuambia. Mkusanyaji wa nje analijua hilo, akiona K.S., yaani Kaiserliche Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Mjerumani, anaongeza dau palepale. Sisi tunapima kwa kilo.

Nilitaka kugusa magobole na zile silaha zinazosalimishwa polisi, naonyeshwa saa hapa, haya. Kama kwenu Kilwa au Songea kuna mtutu umeegemezwa stoo, peleka polisi ndiyo sheria, ila kabla hujatoka nyumbani usugue vizuri, piga picha kila muhuri, namba iwe karibu isomeke, halafu muulize bibi ulikuwa wa nani, na jibu lake liandike siku hiyohiyo.