Udzima wa Visiwa Vinne: Mhadhara juu ya Taifa la Komoro

Waheshimiwa masheikh, walimu wangu, ndugu zangu wa kike na wa kiume, assalamu alaikum.

Hapa Unguja tumezoea kumwita Mngazija kila mtu mwenye asili ya visiwa vya Komoro, awe wa Moroni, mji wa Ngazija, au wa Mutsamudu, mji wa Nzwani, na ningependa tuanze kwa kusahihisha kosa hilo. Ngazija ni kisiwa kimoja, kikubwa kuliko vyote, chenye mlima Karthala ambao ni volkano iliyo hai hadi leo. Vingine ni Nzwani, Mwali na Maore, ambayo Wafaransa huiita Mayotte. Vyote vinne vina lugha iliyo ndugu ya Kiswahili, ingawa kila kisiwa kina lahaja yake, na vyote ni vya Waislamu wa madhehebu ya Shafii. Bendera ya taifa ina mistari minne na nyota nne, hesabu ya visiwa vyote, ilhali serikali iliyoko Moroni inatawala vitatu tu.

Wimbo wa taifa unaitwa Udzima wa ya Masiwa. Msikilizaji Mswahili hahitaji mkalimani. Siwa ni neno letu la kale la kisiwa kikubwa, na udzima ni umoja, kwa kuwa katika lahaja zao shina hilo la -dzima hubeba maana ya kitu kimoja na pia ya kitu kilichokamilika. Neno hilohilo liko kiini cha jamii ya Ngazija, kwani mwanamume aliyetimiza ãda, yaani ile arusi kubwa ya kimila, huitwa mndru mdzima. Asiyeitimiza hubaki mwanamdji, mwana wa mji, hata akiwa na wajukuu. Kwa maoni yangu, kwa nusu karne sasa kinachowaunganisha watu wa Komoro kimetoka katika nyumba za mama zao na katika mila zao, na dola imeshindwa mara kwa mara kuujenga udzima ambao mila inaujenga kila mwaka.

Niliwahi kukaa alasiri nzima katika bangwe la mji mmoja wa Ngazija. Bangwe ni uwanja wa mji wenye viti vya mawe, mahali pa shauri, pa kugawa nyama za arusi na pa kusuluhisha ugomvi. Alikuja mzee mvuvi, kanzu yake imefifia kwapani, akaketi kwenye jiwe la wakubwa bila kuomba ruhusa. Akaja mtumishi mkubwa wa serikali, mtu aliyesoma Ufaransa na mwenye mvi tayari, akasimama pembeni pamoja na vijana kwa sababu ãda yake ilikuwa bado. Mvuvi alipoanza kusema, yule msomi alinyamaza akasikiliza hadi mwisho. Ndipo nilipofahamu kwa nini watu wanaofanya kazi ngumu Marseille, Ufaransa, huweka akiba miaka ishirini kwa ajili ya dhahabu, ng'ombe na karamu za siku chache. Wengi huilaumu ãda kwamba inafilisi watu, na lawama hiyo ina ukweli mzito, lakini anayeilaumu hana budi kukumbuka kwamba ndiyo inayompa mtu kauli mbele ya wenziwe.

Chini ya ãda iko nyumba ya mwanamke. Binti hujengewa nyumba na wazazi na kaka zake, na mume huhamia kwake. Wakiachana, mume ndiye anayefunga virago. Ukoo, ambao Ngazija huitwa hinya, hufuata upande wa mama, na ipo ardhi ya manyahuli ambayo hurithiwa na wanawake wa nyumba moja bila kugawanywa. Mila hiyo imekaa bega kwa bega na sheria ya mirathi ya Kiislamu kwa karne nyingi, katika nchi iliyotoa wanazuoni wakubwa. Sheikh Ahmad bin Sumait, aliyekuwa kadhi hapa kwetu Unguja hadi alipofariki mwaka 1925, alizaliwa Itsandraa, Ngazija, mwaka 1861.

Sasa tuje kwenye dola. Visiwa hivi havikuwahi kuwa chini ya sultani mmoja. Ngazija peke yake ilikuwa na masultani kadhaa waliopigana wao kwa wao. Ufaransa iliipata Maore mwaka 1841 kwa mkataba na Andriantsoly, mtawala aliyetoka Bukini, yaani Madagaska, na visiwa vitatu vilivyobaki vikaingizwa chini ya himaya yake mwaka 1886. Hiyo miaka 45 ina uzito wake katika yote yaliyofuata. Kisha koloni zima likaunganishwa na Bukini hadi mwaka 1946, na ardhi nzuri ikawa mashamba ya langilangi, vanila na karafuu ya makampuni na masetla.

Harakati za uhuru zilipata hifadhi jirani yetu, kwani chama cha MOLINACO kilianzishwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wakati huohuo Maore kulikuwa na uchungu wa aina nyingine. Makao makuu yalikuwa yakihamishwa kutoka Dzaoudzi kwenda Moroni, kazi zikaondoka nayo, na wanawake wa kule, wakiongozwa na Zéna M'Déré, wakabuni silaha yao: viongozi waliotoka Moroni walizungukwa na kutekenywa hadi wakakimbilia chomboni. Katika kura ya tarehe 22 Desemba 1974, karibu asilimia 95 ya wapiga kura wa visiwa vyote walitaka uhuru, lakini Maore zaidi ya asilimia 60 waliukataa. Ufaransa ikaamua kuhesabu kisiwa kwa kisiwa. Ahmed Abdallah, kiongozi wa serikali ya ndani, akatangaza uhuru tarehe 6 Julai 1975, na Umoja wa Mataifa ukaipokea Komoro mwaka huohuo ikiwa ni nchi ya visiwa vinne. Siwezi kuwaita watu wa Maore wasaliti. Waliogopa kumezwa na ndugu, na hofu hiyo ilikuwa na sababu, ingawa mkoloni aliitumia kwa faida yake.

Uhuru haukutimiza mwezi ila Abdallah alipinduliwa. Ali Soilih, aliyeshika madaraka baadaye, aliona ãda ndiyo adui wa maendeleo, akaipiga marufuku, akachoma kumbukumbu za serikali, akafukuza watumishi na kuwapa vijana mamlaka juu ya wazee. Alitaka usawa, na alizungumza na watu redioni kwa lugha yao. Hilo namheshimu nalo. Mnamo Mei 1978 mamluki wa Kifaransa, Bob Denard, alimwangusha, na Soilih akauawa mwezi huohuo. Abdallah alirudi, ãda ikarudi, na mamluki wakabaki hadi Abdallah naye alipouawa mwaka 1989.

Mwaka 1997 Nzwani na Mwali zilijitenga. Mapatano ya Fomboni ya mwaka 2001 yalizaa Muungano wenye urais wa zamu kwa kila kisiwa, na mwezi Machi 2008 wanajeshi wa Umoja wa Afrika, wakiwamo Watanzania, walisaidia kumng'oa Kanali Mohamed Bacar, mtawala wa Nzwani aliyeasi Muungano. Zamu hiyo ilituliza watu, nami nasikitika kwamba katiba ya mwaka 2018 imeilegeza.

Maore imekuwa mkoa kamili wa Ufaransa tangu mwaka 2011, na tangu mwaka 1995 Mkomoro wa kisiwa kingine huhitaji viza kuingia huko. Bahari kati yake na Nzwani ni kilomita 70 hivi. Watu huivuka usiku katika mashua ndogo ziitwazo kwassa-kwassa, na maelfu wamezama.

Nilihudhuria arusi moja Domoni, Nzwani. Bi arusi alikuwa amepakwa msindzano usoni, liwa kama tunavyosema hapa, na nyumba yake mpya ilikuwa ikinuka chokaa. Matofali yake yalinunuliwa na kaka yake, anayeishi Mamoudzou, mji mkuu wa Maore, bila makaratasi. Angekuja arusini, njia ya kurudi kazini ingekuwa kwassa. Basi simu ilisimamishwa dirishani, ikiegemezwa kwenye chupa ya marashi, naye akatazama dada yake akiingizwa nyumbani. Mama yao alikuwa akienda dirishani kila mara kuigeuza simu, ili mwanawe aone vyumba vyote.