Mwenye Soko na Daftari la Mpangaji

Wanafunzi wa sheria, na walimu wangu mlioketi hapa mbele, nataka tukitazame kitufe kimoja: kile cha kununua. Ukitafuta kava la simu kwenye soko la mtandaoni la Amazon, kava lilelile huenda linauzwa na wafanyabiashara kumi. Kitufe ni kimoja, na nyuma yake yupo muuzaji mmoja aliyeteuliwa na programu ya kampuni. Waliobaki wamewekwa mahali ambapo wateja wengi hawafiki. Na Amazon yenyewe pia inauza, kwa hiyo anayegawa kitufe naye anakigombea.

Novemba 2020 Tume ya Ulaya, inayosimamia ushindani katika Umoja wa Ulaya, iliituhumu kampuni hiyo kwa jambo ninaloliona zito kuliko hilo: kwamba inatumia takwimu za ndani za wauzaji, oda zao, mapato yao, wangapi wametazama bidhaa, kuamua yenyewe iuze nini na kwa bei gani. Chukulieni una kibanda cha leso Biashara Street, na mwenye nyumba anasoma daftari lako la mauzo kila jioni. Mwezi ujao anafungua duka mlango wa pili na leso zilezile zinazotoka sana. Hasara ya kujaribu umeibeba wewe!

Desemba 2022 kesi iliisha kwa ahadi. Amazon haikukiri kosa, wala haikutozwa faini, lakini ilikubali kutozitumia takwimu hizo katika rejareja yake, kutumia kigezo kimoja kwa wote kwenye kitufe, na kuonyesha ofa ya pili iliyo tofauti vya kutosha kwa bei au kwa muda wa kufikisha mzigo. Wapo waliolalamika kwamba faini ilihitajika. Mimi siungi mkono. Faini ingeingia hazina, ilhali ofa ya pili inamfikia muuzaji mwenyewe.

Tuje kwetu Kenya. Sheria yetu ya Ushindani ya 2010, baada ya marekebisho, inakataza matumizi mabaya ya nguvu za mnunuzi, yaani mnunuzi mkubwa kumkandamiza anayemuuzia. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ilitangaza faini ya shilingi bilioni 1.1 dhidi ya mwendeshaji wa maduka ya Carrefour kwa alivyowatendea wasambazaji wawili. Nilifurahi sana. Lakini someni kifungu chenyewe: kinamhusu anayenunua. Soko la mtandaoni halinunui mali ya muuzaji, linamkata kamisheni. Akifungiwa akaunti usiku bila maelezo, atakimbilia kifungu gani? Cha kuhodhi soko kipo, ila aanze kuthibitisha kwamba soko limehodhiwa, na kwa mama mwenye oda chache kwa wiki hiyo ni kazi ya mawakili asioweza kuwalipa.

Ulaya, tangu Julai 2020, soko likitaka kumwondoa muuzaji kabisa linapaswa, kwa kawaida, kumpa notisi ya siku 30 na sababu kwa maandishi. Kifungu cha namna hiyo hakizidi ukurasa mmoja. Nawaomba mkiandike muhula huu, tukipeleke kwa wabunge wetu.