Udongo, Kamba na Mabega: Kutia Uhalisia katika Diorama ya Vita Vikuu vya Afrika Mashariki

Mabibi na mabwana, ndugu waundaji modeli, nawashukuru kwa kuitika wito na kujaa ukumbini jioni hii, licha ya foleni za barabara zetu.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuboresha diorama ya kijeshi, yaani mandhari ndogo ya modeli iliyojengwa juu ya ubao, kwa kuitia undani wa kweli. Wengi wetu tumejifunzia kazi hii kwa vifaru vya Ulaya na theluji ambayo hatujawahi kuikanyaga. Leo nimechagua tukio la nchi yetu wenyewe: mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg ukivutwa kwa kamba na watu, katika tope la kusini, wakati wa mvua za mwanzo wa mwaka 1917. Nashikilia jambo moja, nalo ni kwamba uhalisia hauletwi na wingi wa vitu ubaoni, bali na sababu. Kila doa la tope, kila mkunjo wa nguo na kila jani lililolala sharti liwe na kitu kilicholisababisha, na mtazamaji aweze kukiona kitu hicho papo hapo.

Historia yenyewe kwa ufupi ni hii. Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji, ikazingirwa na Waingereza, na tarehe 11 Julai 1915 ikaangamia baada ya kushambuliwa na meli mbili, Severn na Mersey. Mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 iliopolewa, ikaletwa hapa Dar es Salaam kutengenezwa, kisha ikaundiwa magari ya magurudumu ili itumike nchi kavu. Mmoja ungalipo Fort Jesus, Mombasa. Anayeweza kufika huko na aende na kamera na futi ya kupimia, kwa kuwa hakuna picha ya kitabuni itakayomwonyesha unene wa chuma kile kama macho yake mwenyewe.

Sasa tuingie kazini. Mtutu wa mzinga huo una urefu wa takriban mita 4.2. Katika skeli ya 1:35, yaani kila kitu kikipunguzwa mara thelathini na tano, hizo ni sentimita 12 kamili, na mtu wa mita 1.70 anakuwa na kimo kisichofika milimita 49. Hesabu hii huifanya kila mtu kwa mzinga na kwa visanamu, lakini wachache huifanya kwa ardhi. Chembe ya mchanga yenye milimita moja, ikiwekwa chini ya miguu ya kisanamu cha 1:35, ni kokoto la sentimita tatu na nusu. Mchanga uliochotwa ufukweni na kumwagwa ubaoni hauonekani kuwa mchanga hata kidogo. Unaonekana kuwa kifusi, tena kinachometameta. Isitoshe, mchanga wa baharini una chumvi, na chumvi huvuta unyevu, hivyo rangi hubanduka na waya huota kutu chini kwa chini. Mimi natumia udongo wa kawaida wa shambani. Nauanika hadi ukauke kabisa, nautwanga, nauchekecha kwa chujio la chai, kisha nauchekecha tena kwa soksi ya nailoni. Unaobaki kwenye chujio unakuwa mawe, unaobaki kwenye soksi unakuwa changarawe, na ule unaopita kama unga ndio ardhi yenyewe.

Unga huo msiumalizie ardhini. Tengeni kijiko kimoja, kwa sababu vumbi la magurudumu, tope la ndala za ngozi na uchafu wa pindo la suruali lazima vitokane na udongo uleule. Nimeona kazi nyingi nzuri zikiharibiwa na jambo hili dogo: ardhi ni nyekundu ya Pugu, magurudumu yana tope la kijivu lililonunuliwa kwenye kichupa, na jicho linakataa bila hata kujua linakataa nini. Mzinga unaonekana umetuliwa pale kutoka angani, si uliofika hapo kwa kuburutwa.

Tuuangalie mburuto wenyewe kwa karibu. Gurudumu la chuma linapozama kwenye tope halichimbi mfereji tu. Tope lililosukumwa linatoka na kujijenga kuwa vituta viwili pembeni, na kituta kimojawapo huwa kikubwa zaidi pale njia inapopinda. Katika mfereji kuna maji, na maji hayo hayawezi kuwa ya buluu: ni rangi ya chai ya maziwa, yasiyoonyesha chini. Mbele ya gurudumu tope bado halijakatwa na gurudumu, lakini limeshakanyagwa na wavutaji, kwa hiyo kuna nyayo. Unyayo wa mtu mzima ni milimita saba hivi katika skeli yetu, nao unazama zaidi kwenye vidole kuliko kwenye kisigino, maana anayevuta anasukuma ardhi kwa vidole. Nyuma ya gurudumu nyayo hizohizo zimefutwa, isipokuwa zile za katikati ya mifereji miwili. Mtazamaji akiliona hilo atajua mzinga unaelekea wapi na ni watu wangapi waliotangulia, hata ukiuficha mzinga kwa karatasi.

Kamba nayo ina sheria yake. Kamba ya unene wa sentimita tatu inakuwa na unene usiofika milimita moja, na inayovutwa na watu kadhaa haining'inii. Inyosheni kwa uzi uliopakwa gundi na kukazwa baina ya misumari miwili hadi ukauke, ndipo muiweke. Kamba iliyolegea mikononi mwa visanamu vinavyoinama kwa nguvu ni uongo ambao rangi nzuri haiwezi kuufunika.

Nimefika kwa watu, na hapa naomba tukae kidogo. Mbung'o, au ndorobo, kwa ugonjwa wanaoueneza, waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe wa majeshi yote mawili, hivyo vita hivi vilibebwa mabegani na vichwani mwa wapagazi, ambao walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Pale mjini, kwenye Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927, maandishi yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Lakini katika diorama nyingi za vita hivi nilizoziona wamo Wajerumani wawili, askari wanne na mzinga, na mpagazi hayumo, au yumo kwa nyuma akiwa amepakwa rangi kwa haraka. Hilo ni kosa la historia na ni kosa la ufundi pia, kwa kuwa bila yeye mzinga hauna sababu ya kuwa mahali ulipo.

Mpagazi wa kichwani ana ngata chini ya mzigo wake. Shingo yake imenyooka, mkono mmoja umeinuliwa kushika, na uzito wote unashuka kwenye uti wa mgongo hadi visigino. Mvutaji ni kinyume chake: mwili wote umelala mbele, bega moja limetangulia, na baina ya kamba na ngozi kuna kitambaa kilichokunjwa. Visanamu vinavyouzwa tayari kwenye boksi havina mikao hii. Kateni miguu nyongani, pindeni, jazeni nyufa kwa tonge la epoksi, ule udongo wa gundi unaogeuka mgumu, na kabla ya kuanza mwombeni mwenzenu avute kamba iliyofungwa mtini huku mkimpiga picha za ubavuni. Mbavu na magoti ya watu hawa pia yasiwe ya wanariadha.

Kwa mavazi ya askari wa upande wa Wajerumani, msiichukue Sanamu ya Askari kuwa kielelezo, kwani hiyo waliisimamisha Waingereza kwa ajili ya askari wa upande wao. Wengi wa askari wa Kijerumani walianza vita wakiwa na bunduki za modeli ya 1871, zilizotoa moshi mzito. Za kisasa zaidi ziliongezeka baada ya meli zilizovunja mzingiro, Rubens mwaka 1915 na Marie mwaka 1916. Kwa kuwa bandari zilikuwa zimefungwa, nguo zilifumwa na kutiwa rangi za miti humuhumu nchini. Kaki moja iliyo sawa kwa kikosi kizima, mwaka 1917, haiwezekani. Changanyeni kaki tatu au nne, na mabegani zipauke zaidi.

Kuhusu mimea sina mengi. Nyuzi za mkonge zikikatwa kwa urefu tofauti na kutiwa rangi hutoa nyasi bora kuliko nyingi za dukani. Nyasi za mita moja ziwe sentimita tatu pungufu kidogo, na zilizo njiani zilale kuelekea upande ule wanakokwenda watu. Kutu iwe kidogo, ikae kwenye maungio na chini ya boliti, kwani mzinga uliokuwa ukitumika ulipakwa grisi na kutunzwa.

La mwisho ni hali ya hewa ya jiji letu. Wakati wa masika gundi nyeupe ya mbao huweza kukaa siku nyingi bila kukauka katikati, ingawa juu imeshakuwa ngumu, na ukiipaka rangi mapema udongo hupasuka baadaye. Ijengeni ardhi kwa tabaka nyembamba, zisizozidi milimita mbili kila moja, na ubao upakwe vanishi pande zote sita kabla ya kitu chochote kuwekwa juu yake, vinginevyo utajikunja. Nimeleta vipande vinne vya ardhi, viwili vya mchanga wa ufukweni na viwili vya udongo uliochekechwa. Viko meza ya mbele; karibuni mvishike, kisha tupokee maswali.