Flashi si ghala

Assalaam alaykum. Wengi wenu mmeshanisikia nikiyasema haya hapa Chake, Pemba, na walioniita leo wamenitaka nizungumzie mambo mengi ya kompyuta. Nitajitahidi. Lakini naanza na flashi, maana kila wiki naletewa moja, na anayeileta huja analia.

Kuna binti wa Wete alinijia na yake. Utafiti wake wa shahada ulikuwa umekwisha, sura tano. Laptopu aliyoandikia ilikuwa ya kaka yake, na kaka kasafiri nayo, kwa hiyo kazi nzima ilibaki ndani ya flashi moja iliyofungwa kwenye pindo la mtandio. Akapanda boti kwenda Unguja kuprinti. Steshenari ya kwanza akatoa kurasa za mwanzo, wino ukaisha. Akenda ya pili, akachomeka: mafolda yote yamekuwa shotikati, yaani njia za mkato tu, kila moja ina kimshale pembeni na uzito wa KB 1 au 2. Kijana wa dukani akamwambia, "Dada, hii imekufa, nikufomatie, niisafishe ianze upya?" Akasema haya.

Haikuwa imekufa! Ilikuwa na kirusi. Nimelisema hili mpaka sauti imenikauka. Kirusi cha namna ile hakifuti kitu. Kinayaficha mafaili yako, halafu kinaweka kimshale mahali pake ili ukibofya ukiendeshe wewe mwenyewe kwa mkono wako. Basi usibofye. Tazama kwanza nafasi ya flashi: ikiwa inaonesha GB 3 zimetumika na wewe unaona vimshale tu, mali yako imo. Iskani flashi kwa antivairasi, programu ya kuua virusi. Kisha fungua dirisha jeusi la amri, Command Prompt, uandike hivi:

attrib -h -r -s /s /d G:\*.*

Hiyo G ni herufi ya flashi kwenye kompyuta yangu. Kwako huenda ikawa E au F, angalia kabla hujaandika. Bonyeza Enter, subiri, ufungue tena. Utayaona mafolda yako. Wakati mwengine yamo ndani ya folda lisilo na jina, usilifute hilo. Nakili kazi yako uihamishie pengine, halafu sasa fomati ukitaka.

Yule binti alikuja kwangu baada ya wiki mbili. Kufomati kwa haraka nako hakumalizi kitu, kunafuta orodha tu, yaliyomo yanabaki mpaka yaandikiwe juu. Lakini yeye katika wiki mbili zile alishaitumia flashi kuchukulia video za harusi. Tukapata sura ya kwanza, ya tatu, na kipande cha ya tano. Sura ya pili na ya nne zilikuwa zimeshakaliwa na harusi. Kwa hiyo kitu kikipotea, iache flashi, usitie hata picha moja.

Wazee wanasema akiba haiozi. Ya kwenye flashi inaoza. Ndani mle maandishi ni chaji ndogo ndogo za umeme, na ukiitupa kabatini miaka zinavuja. Flashi ni pakacha: unachukulia embe kutoka shamba mpaka nyumbani, huzihifadhi humo. Kazi yako iwe kwenye kompyuta, iwe na nakala nyengine kwenye diski inayobaki nyumbani, na nakala ya tatu iwe nje ya nyumba kabisa, kwenye intaneti. Steshenari peleka nakala, tena ya PDF, isiyokuuma ikipotea.

Najua mtaniambia bando ghali. Bando gani? Kurasa 100 za maandishi matupu hazifiki MB 1. Video moja unayotumiwa na shoga yako ni kubwa kuliko shahada yako nzima! Jitumie kwa baruapepe kila Ijumaa, na tarehe uiandike kwenye jina la faili. Gmail inakuruhusu kutuma kiambatisho mpaka MB 25, na Google wanakupa GB 15 bila ya malipo.

Umeme sasa. Unguja mwaka 2008 ilikaa kiasi cha mwezi mzima gizani, na Desemba 2009 ikaingia tena hadi Machi 2010. Sisi Pemba tumepata waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, na bado umeme unakatika ukiwa katikati ya sentensi. Word, programu ya kuandikia, inajiwekea akiba kila dakika 10 usipoubadilisha mpangilio wake. Ingia kwenye mipangilio, uifanye dakika 1. Anayeanika karafuu hasubiri tone la kwanza ndipo akunje majamvi. Na wewe kila ukimaliza aya bonyeza Ctrl na S. Umeme ukikatika chomoa waya ukutani, maana unaporudi hurudi na nguvu ya kuunguza.

Neno la siri: refu, na la baruapepe lisiwe lile lile la Facebook. Washa na uthibitisho wa hatua mbili, yaani baada ya neno la siri unaulizwa kitu cha pili, kama namba inayotumwa kwenye simu yako. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, wenye nayo tutazungumza siku nyengine, naona nimeoneshwa saa.

Wenye flashi mifukoni njooni hapa mezani sasa hivi, mmoja mmoja. Nina diski yenye nafasi, na intaneti ya ukumbini inafanya kazi. Tunanakili mpaka iadhiniwe Alasiri.