Ukuta wa Hatshepsut

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Jioni hii naomba tukae na ukuta mmoja.

Uko Deir el-Bahari, ng'ambo ya magharibi ya mto Nile, mkabala na Luxor. Hapo ndipo lilipojengwa hekalu la Hatshepsut, mwanamke aliyetawala Misri kama firauni katika karne ya 15 KK. Nyuma yake kuna jabali lililosimama wima, na wajenzi hawakutaka kushindana nalo. Walipanga baraza tatu kubwa, kila moja juu kuliko ya mbele yake, na katikati wakaweka njia pana ya kupandia. Safu za nguzo, mwanga na kivuli, zinaifuata mipasuko ya jabali lenyewe. Kwangu mimi hakuna jengo la kale lililosikilizana na mahali pake namna hii.

Pandeni nami hadi baraza ya pili, upande wa kusini. Hapa imechongwa safari ya kwenda Punt, nchi ambayo wataalamu wengi wanaiweka kusini mwa bahari ya Sham, pande za Eritrea na Somalia. Fundi alipunguza jiwe pembeni mwa kila umbo, kidogo mno, ndipo umbo likainuka. Kisha likapakwa rangi. Tazameni nyumba za Punt: za duara, zimeinuliwa juu ya miti, na ngazi ya kupandia. Tazameni vyombo vitano vya baharini, miti ya manukato ikipakiwa na mizizi yake ndani ya vikapu, nyani juu ya kamba. Na samaki! Wamechongwa kwa uangalifu hata leo wajuzi wa bahari wanataja aina zao. Aliyechora haya aliona, au alimsikiliza vizuri sana aliyeona.

Lakini Hatshepsut mwenyewe yuko wapi? Miaka kama 20 baada ya kifo chake, katika utawala wa Thutmose III, mtoto wake wa kambo, sura na majina yake yalipigwa tindo. Mahali pengi umebaki ukingo wa mwili tu.

Sasa sikilizeni. Sisi tukisema "alijenga", hamjui ni mume au mke. Kimisri cha kale kilibainisha: neno la kike liliishia kwa sauti ya t. Mwaka 1829 Champollion, msomi Mfaransa aliyefumbua maandishi ya picha ya Misri ya kale, alifika hapa akashangaa kumwona mfalme mwenye ndevu na mavazi ya kiume, huku maandishi yakimtaja kwa maneno ya kike.

Mkijaliwa kufika, itafuteni alama ya sauti hiyo ya t. Ni nusu duara ndogo, mchoro wa mkate. Wenye tindo waliipita mara nyingi bila kuigusa.